Kipindi kikipita kwenye televisheni, ni nani anayekitunza?

Leo sitazungumzia mapigano wala bei ya unga. Nataka tuzungumze juu ya kitu kinachopotea kwetu kila wiki bila mtu kulia: picha na sauti zetu wenyewe.

Kila mmoja anajua namna inavyokuwa. Habari inazunguka kwamba televisheni itaonyesha kipindi juu ya milima yetu. Labda ni mkutano wa amani, ziara ya kiongozi, au ripoti juu ya wakimbizi wa ndani. Watu wanakusanyika pale penye pano ya jua, batri nzuri na dekoda. Watoto wanakaa chini, wazee wanapewa viti. Kipindi kinadumu dakika chache. Mmoja anamtambua shangazi yake, mwingine anaonyesha kilima cha kwao. Halafu kinaisha, matangazo ya sabuni yanaingia. Kesho yake ukiuliza nani anacho kipindi kile, jibu ni moja tu: "Kilipita."

Maoni yangu ni haya: kipindi kinachotuhusu kisiachwe kipite tu. Kirekodiwe, kiingizwe kwenye kompyuta, kichomwe kwenye diski, kinakiliwe mara tatu, na nakala hizo zikae mahali patatu tofauti. Kazi hiyo haimngojei waziri wala mradi wa dola nyingi. Inahitaji vijana tulio nao tayari, mashini walizo nazo tayari, na sisi wengine kukubali kwamba ni kazi yenye heshima.

Vijana wa kuchoma CD

Hapa kwetu hakuna jumba la serikali la kutunza picha na sauti. Lakini kwenye soko lenye watu kuna kijana mwenye meza, mashini, spika na nyaya nyingi. Anachaji simu, anaingiza nyimbo kwenye memori kadi, anachapa barua za maombi, anachoma CD za kwaya na video za harusi. Wengi wanamwona kama mtu wa kupoteza wakati. Mimi namwona kama mtunza maktaba asiye na cheo.

Kazi yenyewe si uchawi. Dekoda nyingi za siku hizi zina tundu la USB. Unaweka flashi, unabonyeza kitufe cha kurekodi kwenye rimoti, na kipindi kinaingia kwenye flashi jinsi kilivyotoka hewani. Halafu flashi inapelekwa kwenye kompyuta. Pale kijana anakata matangazo ya biashara, anageuza faili iwe ya aina inayofunguka kwenye vifaa vingi, na anachoma DVD. CD ya kawaida inabeba megabaiti 700. DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, na hiyo inatosha kama saa mbili za picha nzuri. Yaani mkutano mzima wa amani, na hotuba zake zote, unaweza kukaa kwenye diski nyembamba kama jani.

Kuna mtego mmoja lazima usemwe. Baadhi ya dekoda za kulipia zinafunga rekodi kwa siri, hata ikawa faili haifunguki mahali pengine isipokuwa kwenye dekoda ileile. Dekoda ikiungua, rekodi zote zimekwenda nayo. Kwa hiyo anayerekodi ajaribu siku ileile kufungua faili kwenye kompyuta. Isipofunguka, hajatunza kitu.

Kwetu neno "kuchoma" limezoea kuleta habari mbaya: walichoma nyumba, walichoma kanisa, walichoma shule. Ni vizuri kuona kwamba kuna mahali ambapo kuchoma ni kuokoa.

Nakala moja haitoshi

Wazee wanasema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi hapa tumeona hata daftari lenyewe likiisha. Ni familia ngapi zilikuwa na kaseti za harusi, kanda za video za mazishi ya mzee, CD ya kwaya iliyoimba siku ya kufungua kanisa? Siku ya kukimbia, mama anabeba mtoto, sufuria na blanketi. Hakuna anayerudi ndani kutafuta CD. Na akirudi baada ya miezi, nyumba haipo, au ipo lakini mabati, milango na kila kilichokuwa ndani vimeondolewa.

Ndiyo maana nasema nakala moja iliyo nyumbani haijatunzwa. Imesubirishwa tu. Watu wanaofanya kazi ya kutunza rekodi duniani wana kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kwa wengine kanuni hiyo ni kwa ajili ya mafuriko au moto wa jikoni. Kwetu ni kwa ajili ya vita. Moja iwe kwenye DVD kanisani au kwa mzee anayeaminika. Moja iwe kwenye diski kuu ya nje au flashi, redioni au kwa kijana mwenye kompyuta. Ya tatu iende mbali: Uvira, Bukavu, Bujumbura, Nairobi, au kwa ndugu aliye Marekani. Mtu mmoja akikimbia, mwingine bado anayo.

Wakubwa pia walipoteza

Mtu anaweza kufikiri kwamba televisheni yenyewe inatunza, kwa hiyo sisi tulale. Historia inasema vingine. BBC ya Uingereza, shirika tajiri na lenye sifa, ilifuta kanda nyingi za vipindi vya miaka ya 1960 na 1970. Kanda zilikuwa ghali na zilitumiwa tena, na hakuna aliyedhani kwamba vipindi vya zamani vingetakiwa. Kipindi chao maarufu cha Doctor Who kilipoteza sehemu nyingi kwa njia hiyo. Sauti za sehemu hizo zipo mpaka leo kwa sababu moja: watazamaji wa kawaida, nyumbani kwao, walirekodi kwa vifaa vyao vya kaseti wakati kipindi kikienda hewani. Na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 zilizopotea zimepatikana. Hazikupatikana London. Zilipatikana katika kituo cha televisheni cha mji wa Jos, nchini Nigeria.

Hata NASA, shirika la Marekani la safari za anga, lilikubali mwaka 2009 kwamba kanda zake za mwanzo za picha za mtu wa kwanza kutembea mwezini, mwaka 1969, huenda zilifutwa ili zitumiwe tena. Picha tunazoziona leo zilipona kwa sababu nakala zilikuwa kwa vituo vya televisheni. Kama waliofika mwezini walipoteza kanda, sisi tunategemea nini?

Kuna pia mama mmoja wa mji wa Philadelphia, Marekani, jina lake Marion Stokes. Aliwahi kuwa mtunza maktaba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi alipokufa, Desemba 2012, alirekodi habari za televisheni nyumbani kwake, mchana na usiku. Aliacha kanda kama 70,000. Wengi walimwona wa ajabu. Leo kanda zile zimekabidhiwa kwa Internet Archive, maktaba kubwa ya mtandaoni, kwa sababu sehemu kubwa ya yale aliyorekodi si rahisi kuipata mahali pengine. Mama huyo hakuwa na kituo cha televisheni. Alikuwa na mashini za kurekodi sebuleni kwake na alikuwa na msimamo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu zaidi

Sababu ya kwanza ni ya familia. Watu wa Fizi, Minembwe, Itombwe na Bijombo wametawanyika. Wengine wako Nyarugusu, Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Wengine wako Nakivale, Uganda, wengine Burundi, Kenya, Marekani. Kuna watoto waliozaliwa kambini ambao hawajawahi kuona kilima ambacho baba yao anakitaja kila jioni. Dakika mbili za televisheni zenye ng'ombe wakishuka mtoni, soko la Minembwe siku ya watu wengi, au mitumbwi ya Baraka asubuhi, kwa mtoto huyo ni somo ambalo hakuna shule ya kambi inayolitoa. Na mama aliyempoteza mume wake anaweza kuisikia tena sauti yake, kama mtu aliweka ile rekodi ya mkutano ambapo alisimama kuuliza swali.

Sababu ya pili ni haki. Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la silaha la Ituri, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya The Hague tarehe 14 Machi 2012 kwa kuingiza watoto jeshini. Miongoni mwa ushahidi ulioonyeshwa kulikuwa na video iliyopigwa tarehe 12 Februari 2003 katika kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia. Kwenye video hiyo anaonekana akizungumza na askari, na baadhi yao ni watoto. Mashahidi walibishaniwa sana katika kesi ile, na mahakama ilikataa kutegemea maneno ya baadhi yao. Video ilisimama. Vilevile kule Arusha, katika hukumu ya 3 Desemba 2003 dhidi ya waanzilishi wa redio RTLM ya Rwanda na mhariri wa gazeti la Kangura, rekodi za matangazo yenyewe zilikuwa sehemu ya ushahidi. Maneno ya chuki yalitoka hewani mwaka 1994 na watu waliosema waliamini upepo utayachukua. Kaseti hazikuyaacha yaende.

Hapa kwetu pia kuna watu wanaopanda chuki kwa maneno, mchana, mbele ya kamera, halafu baada ya mwezi wanasema hawakusema. Kwa mtu kama huyo hatuhitaji kujibu kwa matusi. Tunahitaji rekodi nzima yenye tarehe.

Sababu ya tatu ni ahadi. Mikutano ya amani juu ya milima yetu imekuwa mingi. Viongozi wamesimama, wamepeana mikono, wamesema barabara itatengenezwa, makundi yataweka silaha chini, wakimbizi watarudi kwao. Nani anaweza leo kumwonyesha kiongozi maneno yake mwenyewe? Hotuba ya Patrice Lumumba ya 30 Juni 1960 bado tunaisikia, na wajukuu wanaisikia, kwa sababu ilirekodiwa na nakala zikatunzwa. Hotuba za viwanja vyetu vya mpira haziwi kubwa namna hiyo, lakini kwa mama anayesubiri kurudi shambani kwake zina uzito kuliko zote.

Kipande cha sekunde thelathini si habari

Wengi wataniambia: "Mbona hayo yote yako kwenye WhatsApp na YouTube? Diski ni mambo ya zamani." Ninawajibu kwa heshima.

WhatsApp inapunguza ukubwa wa video unapoituma kwa njia ya kawaida. Video ikipakuliwa na kutumwa upya mara nyingi, uso unaweza kufifia. Haina jina la aliyepiga, haina mahali, haina tarehe. Ndiyo maana video ya miaka mitano iliyopita, au hata ya nchi nyingine, inaletwa kwetu kama habari ya leo asubuhi, na vijana wanachukua mapanga. Mwaka 2020, wakati wa mabishano ya komuni ya Minembwe, tulipata vipande vingi sana vya sauti na video. Waziri alisema hivi, Rais alisema vile huko Goma mwezi Oktoba. Kila upande ulikuwa na kipande chake cha sekunde thelathini. Walioweka mkutano wote tangu mwanzo hadi mwisho, ili mtu asikie swali, jibu na neno lililofuata, walikuwa wachache. Kipande kinawasha moto. Rekodi nzima inamlazimisha mtu kukaa na kusikiliza.

YouTube ni nzuri kwa mwenye mtandao na mafranga ya megabaiti. Lakini mwenye chaneli akifuta, au kampuni ikifunga chaneli yake, kipindi kimekwenda. Na sisi tunajua mtandao unaweza kukatika hapa kwa siku nyingi. DVD iliyo kwenye sanduku haiulizi kama kuna mtandao.

Hata hivyo sisemi diski ni dawa ya kila kitu. Diski iliyochomwa kwenye kompyuta ina rangi ndani inayoharibiwa na jua, joto na unyevu. Ukiiacha kwenye dirisha au juu ya dashibodi ya gari, inaweza kukataa kusoma mapema sana. Diski za bei ya chini zisizo na jina hufa mapema zaidi. Kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuingizia diski. Flashi nayo inaweza kufa ghafla, na diski kuu ya nje ikianguka mara moja inatosha. Ndiyo sababu nasema vifaa vya aina mbili, siyo kimoja. Na kila mwaka, labda wakati wa Krismasi watu wanapokutana, mtu azifungue zote aone kama bado zinasoma. Iliyoanza kukwamakwama inakiliwe upya siku hiyohiyo.

Wengine wataniambia jambo gumu zaidi: "Watu wana njaa, wewe unaleta habari za CD." Neno hilo nalisikia na siliwezi kulikataa. Chakula kwanza, dawa kwanza. Lakini njaa haikumzuia mama kuhifadhi mbegu. Anafunga kipimo kidogo cha maharage kwenye kitambaa hata kama watoto wanalia, kwa sababu anajua msimu utakuja. Rekodi ni mbegu ya namna hiyo. Akiba haiozi, mradi imetunzwa vizuri.

Kazi ya kila mmoja

Kwa vijana wenye kompyuta nina maombi machache. Andikeni jina la faili kwa mpango mmoja: mwaka, mwezi, siku, mahali, jambo. Mfano: 2020-10-08-Goma-mkutano-na-waandishi. Ukianza na mwaka, kompyuta yenyewe itazipanga kwa kufuatana. Ndani ya kasha wekeni karatasi yenye majina ya watu wanaoonekana na lugha wanayosema, kwa sababu baada ya miaka ishirini hakuna atakayewatambua. Juu ya diski msiandike kwa biki ya ncha kali, inakwaruza. Tumieni kalamu laini ya wino. Mkimaliza kuchoma, ifungeni diski kwenye programu ili isome kwenye vifaa vingine, kisha ijaribuni kabla ya kufuta flashi. Na kama ni lazima kutuma kwa WhatsApp, itumeni kama dokimenti, siyo kama video.

Kuna pia jambo la dhamiri. Kurekodi kipindi juu ya kijiji chako na kukitunza ni tofauti na kuuza filamu na nyimbo za watu sokoni. Nchi yetu ina sheria ya haki za watunzi tangu 5 Aprili 1986. Mtu alipwe kwa diski, umeme na jasho lake, hiyo ni haki. Lakini picha za maiti na machozi ya watu zisifanywe bidhaa.

Kwa redio zetu za jamii nasema hivi. Najua kompyuta ni ya zamani na nafasi inajaa, kwa hiyo vipindi vinafutwa ili vipya vipate mahali. Lakini saa nzima ya sauti kwenye MP3 ya kawaida haizidi megabaiti 60 hivi. DVD moja inabeba saa zaidi ya sabini za mazungumzo. Wekeni angalau habari za jioni, mijadala ya amani, na matangazo ya watu wanaotafuta ndugu zao. Siku moja mtoto atakuja kuuliza kama jina la mama yake liliwahi kusomwa.

Kwa mashirika na waandishi wanaokuja kutupiga picha, nasema kwa nguvu zaidi. Mmekuja na kamera nzuri. Wamama wetu wamewaeleza mambo ambayo hawakuwaeleza hata kaka zao. Filamu zimeonyeshwa Kinshasa, Nairobi, Geneva. Hapa haikurudi hata nakala moja. MONUSCO ilipomaliza kazi yake Kivu Kusini, Juni 2024, kamera zake ziliondoka pamoja na magari yake. Kuwaachia watu nakala ya kipindi kinachowahusu si msaada. Ni deni. Machifu, shirika la raia na viongozi wa makanisa wangeweza kuweka sharti rahisi: anayekuja kurekodi aahidi kwa maandishi kurudisha nakala.

Jambo hili ni la zamani kuliko sisi. Wakati wa ukoloni wageni walirekodi ngoma na nyimbo za Kongo. Mwingereza Hugh Tracey alizunguka nchi yetu na mashini yake mwaka 1952, na rekodi zake ziko Afrika Kusini. Nyingine za wakati ule ziko Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 1965 Che Guevara alikaa kama miezi saba katika milima ya Fizi, kuanzia Aprili hadi Novemba. Dunia nzima inajua habari za miezi ile kwa sababu aliandika daftari na daftari likatunzwa. Na wazee wa Fizi walioishi siku zile, waliowaona wageni wale wakishuka kutoka ziwani, sauti zao ziko wapi? Wengi wamekufa. Waliobaki wana umri mkubwa. Kijana mwenye simu na kompyuta anaweza kwenda kwa mzee kesho, sio mwaka kesho.

Tahadhari

Kutunza si kuonyesha kila mtu. Kuna rekodi zinazoweza kumwua mtu. Ushuhuda wa mwanamke aliyetendewa unyama, uso wa mtoto aliyetoroka kundi la silaha, jina la aliyeshuhudia mauaji: hizo hazipigwi kwenye kibanda cha sinema. Mwenyewe aulizwe kwanza, na akikataa, ikataliwe. Nakala ifungwe kwa neno la siri na ikae kwa mtu au shirika linalojua kutunza siri. Na usitembee nayo mfukoni unapopita kwenye bariere, maana flashi ikifunguliwa pale mbele ya watu wasiofaa, hatari ni yako na ya wote waliomo.

Sanduku moja, siyo mawili

Neno langu la mwisho ndilo gumu. Kila jamii hapa ina kanda zake za kilio. Wengine wanakumbuka Makobola, mwisho wa mwaka 1998. Wengine wanakumbuka Gatumba, 13 Agosti 2004. Kila mwaka kuna ibada, kuna hotuba, kuna video. Lakini video za upande huu zinaonwa na upande huu tu, na za upande ule zinaonwa na upande ule. Watoto wetu wanakua wakijua maiti za nyumbani kwao na hawajui za jirani. Halafu tunashangaa kwamba kila mmoja anaamini ni yeye peke yake aliyeumia.

Mtunza rekodi wa kweli haweki ya kabila lake tu. Kama redio au kanisa litakubali kuanzisha sanduku la rekodi, ziwemo za Babembe, Banyamulenge, Bafuliiru, Banyindu, Bavira, na za wakimbizi wa Burundi wa Lusenda na Mulongwe pia. Ziwemo za kilio, na ziwemo za siku njema: soko ambapo maziwa yalibadilishwa na mafuta ya mawese, mechi ya mpira kati ya milima na mwambao, harusi ambapo jirani wa lugha nyingine alisimama kutoa zawadi. Siku hizo zilikuwepo. Kijana wa miaka kumi na tano leo anaweza kukataa kwamba ziliwahi kuwepo, maana hakuziona. Tukimwonyesha, atakataa vipi?

Wiki hii, basi, familia moja imtafute kijana mmoja mwenye kompyuta na impe ile flashi iliyofungwa kwenye kitambaa, au ile CD iliyokwaruzwa ambayo bado inasoma. Nakala tatu, mahali patatu, na tarehe juu yake. Kazi hiyo inaisha kwa alasiri moja, kama batri imechajiwa.